Gazeti la Taipei: si kila lisemwalo lipo

WAFANYABIASHARA wengi wanaoagiza simu, kompyuta na vipuri kutoka Asia wana tabia moja inayowagharimu. Wakisikia kwamba chipu za kumbukumbu zitaadimika, wanakimbilia kununua. Wakisikia kwamba maghala ya viwanda yamejaa, wanauza kwa hasara ili wasibaki na mzigo. Mara nyingi hawajui habari hiyo ilianzia wapi, ilisemwa na nani na ina umri gani.

Moja ya chimbuko kuu la habari za aina hiyo ni Taipei, Taiwan, kwenye gazeti la biashara liitwalo DigiTimes. Gazeti hilo lilianzishwa na Colley Hwang mwaka 1998, mwaka uleule ambao Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara kwa hisa za kampuni ya TOL. Linaandika kuhusu viwanda vya chipu, kompyuta, vioo na mawasiliano vya Taiwan na majirani zake. Lugha yake ya kwanza ni Kichina, na lina huduma ya Kiingereza ambayo husomwa na kunukuliwa duniani kote.

Gazeti hilo lina manufaa, na mtu anayeweka mtaji wake kwenye bidhaa za elektroniki hapaswi kulipuuza. Kosa ni la msomaji anayelisoma kama tangazo la bei. Gazeti la biashara ni kama mizani ya sokoni: inafaa sana, lakini kwanza mnunuzi atazame aliyeishika.

Kwa nini Taipei

Uzito wa gazeti hilo unatokana na mahali lilipo. TSMC, iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987, ina makao yake Hsinchu, kilomita zipatazo 70 kutoka Taipei, na ndiyo kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza chipu kwa niaba ya kampuni nyingine. Hon Hai, ijulikanayo pia kama Foxconn, iliyoanzishwa mwaka 1974, huunganisha simu na kompyuta zinazouzwa kwa majina ya watu wengine. Quanta, Compal, Wistron na Pegatron nazo ni za kisiwa hichohicho.

Aidha, Hsinchu ndiko iliko MediaTek. Chipu zake zimo ndani ya simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, majina matatu ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, huenda hajawahi kulisikia jina la Hsinchu, lakini bei ya simu aliyoipanga kabatini ilianza kujengeka huko miezi kadhaa iliyopita.

Mwandishi anayekaa Taipei yuko karibu na wauza vipuri, waunganishaji wa kompyuta na madalali wa chipu. Anasikia nani kapata oda, nani kapunguza oda na kiwanda gani kimesimamisha mashine. Habari hizo ni za daraja la kati: zinatoka baada ya kiwanda kuamua na kabla ya bidhaa kufika dukani. Kwa mfanyabiashara, muda huo wa katikati una thamani ya fedha.

Majanga mawili, matokeo mawili

Thamani ya habari za aina hii inaonekana wazi majanga yanapotokea.

Septemba 21, 1999, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Taiwan na kuua watu zaidi ya 2,400. Viwanda vya chipu vya Hsinchu vilisimama, na bei za chipu za kumbukumbu kwenye soko la papo kwa papo ziliruka. Hata hivyo, tatizo kubwa la viwanda hivyo lilikuwa kukatika kwa umeme. Uzalishaji ulirudi ndani ya wiki chache, na miezi michache baadaye bei zilikuwa zimeshuka. Aliyenunua kwa pupa wakati wa kilele alibaki na mzigo ghali.

Oktoba 2011, mafuriko yaliingia kwenye maeneo ya viwanda ya Thailand, nchi iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya diski kuu za kompyuta duniani. Viwanda vya Western Digital vilikuwa miongoni mwa vilivyojaa maji. Bei za diski zilipanda kwa kasi, na safari hii zilichukua muda mrefu kurudi chini. Aliyewahi kununua alipata faida. Aliyesubiri bei zishuke kama zilivyoshuka baada ya tetemeko la Taiwan aliumia.

Kwa mtu aliyesikia redioni tu, matukio hayo mawili yalikuwa habari moja: janga limetokea, bei zitapanda. Tofauti ilikuwa kwenye maelezo ya ndani. Mashine zilizokosa umeme huwashwa tena. Mashine zilizokaa ndani ya maji lazima zitolewe, zisafishwe au zibadilishwe. Maelezo hayo ndiyo mfanyabiashara anayopaswa kuyatafuta katika gazeti la tasnia: nini hasa kimeharibika, na kitachukua muda gani kutengenezwa. Kichwa cha habari peke yake hakitoshi kumfungulia mtu pochi.

Televisheni isiyotokea

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika biashara ya elektroniki, methali hiyo imewapotosha wengi.

Mwishoni mwa mwaka 2011, DigiTimes liliandika kwamba wauza vipuri walikuwa wakijiandaa kwa ajili ya televisheni za Apple za inchi 32 na 37, ambazo zingetoka mwaka 2012. Mwaka huo ulipita bila televisheni hizo kuonekana, na hadi leo Apple haijauza televisheni yenye kioo chake yenyewe. Mwaka huohuo wa 2012, mwandishi Harry McCracken wa jarida la Time alizikusanya habari kadhaa za gazeti hilo kuhusu Apple, akakuta kwamba nyingi hazikutimia.

Haina maana kwamba waandishi wa Taipei walikaa mezani wakatunga. Kampuni kubwa huomba sampuli za vipuri kwa wauzaji kadhaa, hujaribu vitu vingi na huacha vingi. Muuza vioo anaona oda ya sampuli. Haoni kikao cha wakurugenzi ambacho baadaye kitaamua bidhaa isitoke. Anachokisema kinaweza kuwa kweli kabisa kuhusu vioo na kisiwe kweli kuhusu televisheni.

Kutokana na hilo, habari za gazeti hilo zina madaraja. Likiandika kuhusu mambo yanayotokea Taiwan kwenyewe, kama oda, uwezo wa viwanda na bei za vipuri, linaandika linachokiona kwa karibu. Likiandika kuhusu bidhaa ambayo kampuni ya Marekani itazindua mwakani, linakisia kwa kutazama kivuli. Msomaji mwenye busara hazipi habari hizo mbili uzito mmoja.

Oda zenyewe nazo hudanganya. Wakati wa uhaba wa chipu wa miaka ya 2020 hadi 2022, wanunuzi wengi waliagiza zaidi ya walichohitaji, na wengine waliagiza kitu kilekile kwa wauzaji wawili wakihofia kukosa. Vitabu vya oda vilijaa, na vyombo vya habari vikaandika kwamba mahitaji hayana kikomo. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2022 maghala yalifurika na bei za chipu za kumbukumbu zikaporomoka. Aprili 2023 hata Samsung ilitangaza kupunguza uzalishaji wa chipu hizo.

Nani anasema?

Habari nyingi za tasnia hii hutolewa na watu wasiotajwa majina. Hilo linaeleweka, kwa kuwa mtu anaweza kupoteza kazi au mteja akijulikana. Lakini mtu asiyetajwa jina ana biashara yake. Muuza chipu anayesema kwamba uhaba unakuja anazo chipu za kuuza. Mnunuzi mkubwa anayesema kwamba mahitaji yamepungua yuko katikati ya mazungumzo ya kupunguziwa bei.

Mfano mmoja unatosha. Kati ya mwaka 2001 na 2006, watengenezaji wakubwa wa vioo bapa vya kompyuta na televisheni walikuwa wakikutana kwa siri katika hoteli za Taipei na kupanga bei. Mwaka 2008 LG Display ya Korea Kusini ilikubali kulipa faini ya dola milioni 400 nchini Marekani. Mwaka 2012 AU Optronics ya Taiwan ilitozwa faini ya dola milioni 500. Kabla ya hapo, mwaka 2005, Samsung ilikubali faini ya dola milioni 300 kwa kosa la kupanga bei za chipu za kumbukumbu.

Hayo hayakuwa makosa ya gazeti lolote. Yanaonyesha tu kwamba muuzaji anapoeleza kwa nini bei inapanda, maelezo yake si lazima yawe sababu yenyewe.

Tangazo lenye jina la kampuni lina uzito mwingine. Desemba 2025, katikati ya wimbi jipya la kupanda kwa bei, Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina lake la chipu za kumbukumbu na diski zinazouzwa kwa wanunuzi wa kawaida, ili iwahudumie wateja wakubwa wa mitambo ya akili mnemba. Muuza vipuri vya kompyuta aliyelisoma tangazo hilo hakuhitaji tetesi. Bidhaa imetajwa na mwenye kauli amejulikana.

Tarehe 10 ya kila mwezi

Njia ya kuzipima tetesi ipo, na haina gharama. Sheria za soko la hisa la Taiwan zinazitaka kampuni zilizoorodheshwa kutangaza mauzo ya kila mwezi ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Katika nchi nyingi mwekezaji husubiri miezi mitatu au sita.

Gazeti likiandika kwamba oda za chipu za simu zimeongezeka sana, mauzo ya MediaTek na TSMC ya mwezi huo na miezi inayofuata yatatoa ushahidi. Yasipopanda, tetesi hiyo ina walakini. Tahadhari ni mbili. Mwaka mpya wa Kichina huangukia Januari au Februari na kufunga viwanda, hivyo ni vyema miezi hiyo ihesabiwe kwa pamoja. Pia takwimu hizo ni za mauzo tu na hazionyeshi faida.

Kwa mwekezaji mdogo anayenunua hisa za nje, ipo tahadhari ya tatu. Habari inapomfikia kwa Kiingereza, wenye hisa wa Taipei wameshaisoma kwa Kichina, na bei ya hisa huenda imeshasogea. Kununua hisa kwa sababu ya habari hiyo ni kununua samaki wa asubuhi wakati wa magharibi kwa bei ya alfajiri.

Hesabu ya mwenye duka

Chukua mfano wa mfanyabiashara ambaye kwa kawaida huagiza kadi za kumbukumbu 1,000 kwa dola 4 kila moja. Anasikia kwamba bei zitapanda, anakopa na kuagiza 3,000 kwa dola 12,000. Mzigo unasafirishwa, unasubiri forodha na kufika dukani wiki kadhaa baadaye. Ikiwa bei ya jumla imefika dola 5, amepata nafuu ya dola 3,000 kabla ya riba na usafiri. Ikiwa imeshuka hadi dola 3, amepoteza kiasi hichohicho, na deni la benki bado liko palepale. Mwenzake aliyeendelea na kadi 1,000 angepoteza dola 1,000 tu, na angebaki na mtaji wa kuagizia tena kwa bei mpya.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kuongeza mzigo usitegemee habari moja. Utegemee mambo matatu kwa pamoja: maelezo ya kilichotokea kiwandani, takwimu za mauzo za tarehe 10 na mwendo wa mauzo ya duka lenyewe.

Vyama vya wafanyabiashara wa elektroniki vingefanya jambo la maana kulipia taarifa za aina hii na kumweka mtu wa kuzifuatilia kwa niaba ya wanachama. Mtu huyo afungue daftari lenye safu nne: tarehe ya habari, kilichotabiriwa, aliyesema, na bei ilivyokuwa miezi mitatu baadaye. Baada ya mwaka mmoja, chama kitajua ni habari za aina gani huwa za kweli na zipi huwapotezea watu fedha, bila kumtegemea dalali yeyote.

Wafanyabiashara wa pwani wamekuwa wakiambiana tangu zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi habari ni nyingi kupita kiasi. Kinachokosekana ni daftari.