Kabla Ulipe Depositi ya Fit Haibridi, Itisha Nambari ya Chasisi

Wasee, kuna swali moja linalofanya watu wa yadi wakuangalie kama umewatusi. Si bei. Si mileji. Sema tu hivi: "Nipe nambari ya chasisi niangalie kama kampuni iliita hii gari irudi, na kama ilitengenezwa."

Mwezi uliopita nilisindikiza dadangu kwa yadi fulani Ngong Road. Miaka 3 amekuwa akiweka pesa, za chama na za kusuka watu nywele wikendi, ndio anunue Honda Fit haibridi. Muuzaji mdomo wake ulikuwa asali. "Siste, hii ilikuwa ya mama mmoja mwalimu, kazi yake ilikuwa kupeleka watoto shule tu." (Kila gari Nairobi ilikuwa ya mama mwalimu. Sijui walimu wetu hununua magari na mshahara gani.) Nikauliza swali langu. Akacheka. "Bro, nambari mtapata mkishalipa depositi."

Depositi ni laki moja, na hairudishwi. Yaani ulipe kwanza, halafu ndio uambiwe umenunua nini. Nilikasirika, na mpaka leo sijatulia.

Hii Fit ya kizazi cha tatu, ambayo chasisi ya haibridi yake huanza na GP5, ilianza kuuzwa Japani Septemba 2013. Kufikia Oktoba 2014, haibridi ilikuwa imeitwa irudi mara 5. Tano! Shida nyingi zilitoka kwa giaboksi mpya, ile ya gia 7 na klachi mbili, ambapo kompyuta ndiyo huamua klachi ipi ishike na lini. Julai 2014 yakaitwa takriban magari 175,000, Fit na Vezel za haibridi, kwa sababu programu ingeweza kufanya gari ichomoke kwa kasi ghafla. Mambo yaliwaka hadi mkubwa wa Honda wa wakati huo, Takanobu Ito, akakatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi 3.

Sasa msinielewe vibaya. Sijasema Fit ni gari mbaya. Inakunywa mafuta kidogo, ina nafasi, na gari iliyoitwa ikatengenezwa haina aibu yoyote. Kule Japani mwenye gari hutumiwa barua, anaipeleka, inarekebishwa bure. Balaa ni ile ambayo mwenyewe hakuipeleka, ikapakiwa kwa meli, ikashuka Mombasa, ikapigwa polishi. Barua za Honda hazifiki Kayole.

Na wale wenye Fit mnajua ile nyingine: uko kwa jam, gari inasukuma mita mbili inasimama, inasukuma inasimama, halafu inaanza kuruka ruka na taa ya giaboksi inawaka kwa dashibodi. Klachi zake ni kavu, hazioshwi na oili, kwa hivyo mlima na jam vinazipasha moto. Huo ni uchakavu, hautengenezwi bure na mtu. Lakini muuzaji atachanganya mambo mawili makusudi. Ukimuuliza kuhusu gari kuitwa, atakujibu, "Hiyo ni plagi tu, fundi wangu ataangalia."

Kuna jibu lingine nilipewa: "Gari yote ya kuingia nchini imekaguliwa, ina cheti." Sawa. KEBS inataka gari isiwe imepita miaka 8, na iwe salama barabarani. Lakini mkaguzi akiangalia breki, taa na tairi, atajuaje programu ndani ya giaboksi ni ile ya zamani? Na cheti cha 2020 kinakusaidia nini leo, wewe ukiwa mnunuzi wa tatu hapa hapa Kenya?

Ukikimbilia Fit ya zamani kwa sababu ni rahisi, huko kuna hadithi ya Takata. Mifuko ya hewa ya Takata ilitumia amonia naitreti, na miaka mingi ya joto na unyevu huiharibu. Siku ya ajali, badala ya mfuko kukuokoa, kile chuma kinacholipua hewa kinapasuka na kukutupia vipande usoni na shingoni. Watu wamekufa hivyo, Marekani na Malaysia, kwa ajali ambazo wangetoka wakitembea. Tangu Mei 2018 Japani hainyooshi mkono kwa mchezo: gari yenye mfuko wa Takata wa hatari zaidi, ambao haujabadilishwa, haipiti ukaguzi. Joto na unyevu. Mombasa mko hapo?

Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Nambari ya chasisi ni habari. Kuificha nyuma ya laki moja ni ujanja. Na sisi watengeneza video tuna makosa pia: dakika 12 tunaonyesha rimu, spika na mahali pa kuweka kikombe, giaboksi hatuitaji.

Kuangalia ni bure. Tovuti ya Honda ya Japani ina ukurasa wa kutafuta kwa nambari ya chasisi. Imeandikwa Kijapani lakini simu yako itatafsiri. Usihangaike na tovuti za Marekani, zinataka herufi na tarakimu 17, na gari za Japani hazina hizo.

Dadangu alipata Fit nyingine kwa jamaa wa Ruaka. Alituma picha ya chasisi kabla hata tufike, tukatafuta, kazi zote zilikuwa zimefanywa. Bei ilikuwa juu kwa elfu 60, na alilipa bila kunung'unika. Ile ya mama mwalimu bado iko sokoni. Jana niliona tangazo: "Safi sana, haina stori."