Wahaka wa Mtihani Si Uvivu

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Mwenye macho haambiwi tazama. Mtihani wa moki ukikaribia, shule hii hubadilika sura. Saa kumi na mbili asubuhi foleni ya msalani ni ndefu kuliko ya chai. Bwenini kuna watu wanasoma kwa tochi chini ya blanketi. Na katika kila darasa kuna mwenzetu mmoja ambaye usiku wa prepu ndiye anayetufundisha Hesabu sisi wengine, lakini asubuhi karatasi ikigawanywa hulikodolea macho swali la kwanza kana kwamba limeandikwa kwa Kichina. Matokeo yakibandikwa, maneno hayaishi. Ati ni mvivu. Ati alikuwa akijifanya tu. Wengine, lahaula, husema amerogwa na jirani!

Mimi nasema si mvivu wala hajarogwa. Ubongo wake umefanya kazi yake barabara, ila umeifanya mahali pasipo pake.

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, pana vijisehemu viwili viitwavyo amigdala. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni lozi, kwa sababu ya umbo lake. Kazi yake ni kupiga mbiu ya mgambo hatari inapoonekana. Mbiu ikilia, tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, kisha kotisoli hufuata. Moyo wadunda, pumzi zafupika, viganja vyatoa jasho. Damu hukimbizwa kwenye misuli, nalo tumbo huvurugika (sasa mnaelewa ile foleni ya msalani). Mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyaeleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka wa 1915: kwamba mwili hujitayarisha ama kupigana ama kutoroka. Ni mpango mzuri sana ukikutana na chui njiani. Lakini karatasi ya Hesabu, bwana, huwezi kuipiga ngumi, na ukitaka kutoroka msimamizi yuko mlangoni.

Ubaya wenyewe uko hapa. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo hushika hesabu unayoifanya, hatua kwa hatua. Mbiu ikizidi, sehemu hiyo hulegea. Kotisoli nayo ikiwa nyingi huivuruga hipokampasi, sehemu inayotusaidia kukumbuka tuliyosoma. Ndiyo maana fomula uliyoijua jana hupotea kabisa, halafu unaikumbuka saa saba ukiwa bwaloni, kijiko mkononi! Si kwamba hukuisoma. Ilikuwamo kichwani, njia tu ndiyo iliyofungwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi tubembelezwe kama watoto wachanga. Wasiwasi kidogo una faida yake. Mnamo 1908 wataalamu wawili, Yerkes na Dodson, waliwajaribu panya wakaona kwamba katika kazi ngumu msisimko wa kadiri huwasaidia kujifunza, lakini ukizidi huwaharibia. Asiyejali hata kidogo atalala juu ya karatasi, na wa namna hiyo pia tunao.

Swali ni hili: nani anayeutia moto huu kuni? Mtafiti Robert Sapolsky, pia wa Marekani, alikaa miaka mingi hapa kwetu Masai Mara akichunguza nyani, tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Aligundua kwamba nyani wa vyeo vya chini, wale wanaofukuzwa na kuonewa na wakubwa kila siku, huwa na kotisoli nyingi katika damu hata wakati hakuna lolote linalotokea. Tena anaeleza kwamba punda milia akishamponyoka simba, baada ya muda mfupi hurudi kula majani yake. Sisi je? Simba wetu tunalala naye kitanda kimoja muhula mzima.

Kwa heshima na taadhima, walimu wetu, niruhusuni niseme. Majina yanaposomwa gwarideni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, yule wa mwisho amekuwa nyani wa chini. Anapoambiwa asubuhi ya mtihani kwamba akianguka atarudi kuchunga mbuzi, mbiu imepigwa kabla hajashika kalamu. Hapo hajatiwa bidii, amefungiwa njia. Na sisi wanafunzi tusijitoe lawamani: wanaowatisha wenzao wa Kidato cha Kwanza huko bwenini si walimu.

Kisha kuna usingizi. Taa huzimwa saa nne na nusu usiku, kengele hulia saa kumi na nusu alfajiri. Hesabu mwenyewe: ni saa sita. Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka wa 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Ubongo huyapanga masomo ya mchana tukiwa tumelala, na amigdala ya mtu aliyekesha hushtuka upesi zaidi. Kwa hiyo anayesoma kwa tochi hadi saa nane anachota maji kwa pakacha.

Kumwambia mtu "tulia, wacha woga" hakusaidii. Amigdala haipokei amri ya namna hiyo. Afadhali umwambie apumue. Weka kidole kwenye kifundo cha mkono usikie mapigo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, kisha uitoe polepole ukihesabu hadi nane. Wengi wetu tutasikia mapigo yakipungua kasi tunapotoa pumzi, kwa kuwa kuna neva itokayo kwenye ubongo hadi moyoni inayovuta breki wakati huo. Lakini anza mazoezi wiki kadhaa kabla. Hakuna anayejifunza kupiga penalti siku ya fainali.

Njia nyingine ni kuandika. Mwaka wa 2011 Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba wanafunzi wenye wahaka walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao wasioandika. Karatasi hiyo ichanwe mlangoni, msimamizi asije akadhani ni mwakenya.

Na ikiwa moki imekwisha, wiki zinapita, na mwenzetu bado halali wala hali, huyo apelekwe kwa mwalimu wa ushauri, kisha hospitali. Wahaka wa namna hiyo ni ugonjwa na una matibabu, kama malaria.

Basi ombi langu ni kwa wiki mbili tu za moki. Kengele ilie saa kumi na moja na nusu. Hotuba ya gwarideni iachwe, na tupewe dakika kumi za kimya na karatasi chakavu. Majina yabandikwe ubaoni, yasisomwe kwa sauti. Kiranja wa kengele ameshaniambia yeye hana neno. Tunamngojea mwalimu mkuu.