Sehemu ya 6: Maneno Madogo Ndiyo Yaliyoniangusha



Najua mmezoea kunisoma kuhusu homa, kuharisha na chanjo. Leo naomba mnivumilie, naongelea mtihani. Sehemu ya 5 niligusia kidogo tu kwamba niliwahi kufeli mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, basi meseji zikamiminika. Wauguzi wenzangu, mama ambao mabinti zao wako vyuo vya uuguzi, na mama mmoja aliyeniuliza bila kupepesa: "Sista, wewe unayetufundisha kila wiki, ulifelije Kiingereza?"

Swali zuri. Nalijibu hadharani, maana jibu lake linawahusu hata ninyi ambao hamtafanya mtihani huo maishani.

Mtihani wenyewe unaitwa OET. Ni wa watu wa afya peke yao: wauguzi, madaktari, wafamasia na wengineo, fani 12 kwa jumla. Ulianzia Australia. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kila sehemu inapewa alama kuanzia 0 hadi 500. Ukitaka kusajiliwa uuguzi Uingereza kwa njia hii, baraza lao la wauguzi linataka 350 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 300 kwenye kuandika.

Mimi kusoma nilipata 320. Kwingine kote nilivuka.

Wakati huo mwanangu mdogo ana miezi minane, ananyonya. Nilimwacha Arusha na mama yangu, nikapanda basi dogo alfajiri, nikavuka Namanga, nikalala Nairobi kwa rafiki ili asubuhi niwahi. Maziwa yalijaa mpaka gauni likalowa, nikavaa sweta kwenye joto ili watu wasione. Ada nililipa dola 587 za Australia. Kwetu hiyo ilikuwa pesa ya matofali. Baba watoto alikuwa ameshaongea na fundi, tukamwambia asubiri. Kwa hiyo majibu yalipokuja, sikulia kwa sababu ya Uingereza. Nililia kwa sababu ya matofali, na kwa sababu ya mtoto aliyelia usiku kucha akiwa na bibi yake.

Sasa nilifelije? Nilikuwa nimekariri maneno. Daftari zima, kurasa na kurasa: neno la Kiingereza huku, maana ya Kiswahili kule. Majina ya magonjwa, ya dawa, ya viungo vya mwili, yale marefu yote. Nilijiona niko tayari.

Sehemu ya kusoma inachukua saa moja na ina maswali 42. Kipande cha kwanza kina matini nne fupi kuhusu jambo moja, tuseme majeraha ya moto, maswali 20, dakika 15. Dakika 15 tu, jamani. Mimi nikaanza kusoma matini ya kwanza mstari kwa mstari kama tulivyofundishwa shule, nikaenda ya pili, ya tatu. Nilipofika kwenye maswali muda ulikuwa umebaki kidogo sana. Karatasi ikakusanywa nimeacha maswali saba wazi. Na yale niliyojibu, mengine niliandika spelingi zangu, kumbe pale neno ulilokosea herufi halihesabiwi.

Hapo ndipo nilipopata msimamo wangu wa leo. Wengi wetu hatufeli kwa kukosa Kiingereza. Tunafeli kwa sababu tunakariri maneno lakini hatusomi. Tena maneno yenyewe tunayokariri siyo yanayotuangusha.

Msidhani ni sisi wa shule za msingi za Kiswahili tu. Mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanyiwa mtihani wa Kiingereza ili waende kazi Uingereza, waliofaulu ni 10 tu. Majirani zetu wanasoma Kiingereza tangu wadogo, ofisini wanakiongea, na bado. Watu waliwacheka mitandaoni. Mimi sikucheka. Nilijua kabisa kuongea Kiingereza kantini na kusoma karatasi ya kitaalamu huku saa inakimbia ni vitu viwili tofauti.

Niwape mifano. Neno "unremarkable". Ukilikuta kwenye ripoti ya vipimo unaweza kudhani kuna tatizo. Kumbe maana yake hakuna kitu cha ajabu kilichoonekana, mgonjwa yuko sawa. Neno "discharge". Nilikariri kuwa ni kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye kidonda ni majimaji au usaha unaotoka. Neno "tender" kwetu ni zabuni, lakini tumbo likiwa "tender" maana yake linauma ukilibonyeza. Hata "patient" anaweza kuwa mgonjwa, au mtu mvumilivu. Orodha ya neno moja maana moja haikusaidii hapo. Sentensi ndiyo inayokuambia neno limekuja na maana gani.

Halafu kuna yale madogo ambayo hakuna anayeyaandika kwenye daftari: "unless", "at least", "no more than", "prior to", "despite". Hayo ndiyo yaliyonimaliza. Kipande cha pili cha mtihani kinaleta karatasi fupi za kazini, kama tangazo la wodini au maelekezo ya kifaa. Chukua maelekezo kama haya: bandeji isibanduliwe "unless" imelowa. Mimi jicho langu lilikuwa linakamata bandeji na kubandua, nachagua jibu, nasonga. Kineno cha katikati kimebadilisha agizo lote na sikukiona.

Sasa mama, njoo hapa karibu, maana hili ni lako.

Shika chupa ya dawa ya maji ya paracetamol ya mtoto. Nyingi zimeandikwa Kiingereza. Utakuta maelezo kwamba kati ya dozi na dozi zipite "at least" saa nne, na "no more than" dozi nne kwa saa 24. Mama mwenye haraka, mtoto anachemka, anasoma "saa nne" basi. Anampa kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Hesabu mwenyewe: hizo ni dozi sita, wakati chupa imesema zisizidi nne. Hajakosea kwa ujinga. Maneno magumu yote kayaona, kavirukwa na viwili vidogo: angalau, na isizidi. Dawa hiyo ikizidi inaumiza ini la mtoto. Na chupa hazifanani nguvu, nyingine ina miligramu 120 kwenye mililita 5, nyingine 250. Ndiyo maana nawaambia kila siku, usichukue kipimo cha jirani, soma chupa yako, na usipoelewa uliza kabla hujafungua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini muuguzi apimwe kusoma, simwambii ni mambo ya wazungu. Nalipinga bei yake, kwa kweli. Ada ile kwa mshahara wa muuguzi wa stashahada ni mzigo mkubwa. Lakini kupimwa kama ninaweza kuona "unless" kwenye karatasi ya dawa, hapana, hilo silipingi. Miongozo mingi tunayotumia wodini hapa hapa kwetu imeandikwa Kiingereza. Naisoma kwa Kiingereza, kisha nakugeukia wewe kitandani nakueleza kwa Kiswahili. Nikisoma vibaya, wewe ndiye unayepata maelekezo mabaya, tena kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Sasa nilifanyaje mara ya pili? Nieleze kwa kifupi, wauguzi mchukue.

Daftari la orodha nililifunga. Nikaanza lingine, kila siku maneno matano tu, kila neno ndani ya sentensi nzima niliyoikuta mahali, na chini yake naandika sentensi yangu mwenyewe kuhusu mgonjwa niliyemhudumia wiki ile, bila jina lake. Neno likija na maana mbili, sentensi mbili. Yale madogo niliyapa ukurasa wao wa peke yao.

Kusoma, nilisoma kitu kimoja kifupi kila siku. Shirika la Afya Duniani wana kurasa fupi za magonjwa kwenye tovuti yao, bure. Madaktari Wasio na Mipaka, wale wanaoitwa MSF, nao wameweka miongozo yao ya tiba mtandaoni, bure. Na wenye mtihani wenyewe wana mitihani ya mfano bure kwenye tovuti yao. Nilitumia hiyo.

Kipande cha kwanza nilijizoeza na saa ya simu. Dakika moja kuangalia vichwa vya habari na majedwali ya matini zote nne ili nijue nini kiko wapi. Halafu nasoma swali, nakwenda moja kwa moja panapohusika, nachukua jibu kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, narudi. Wiki ya kwanza nilikuwa namaliza maswali 11. Mpaka mwezi wa tatu nikawa nafika 19, siku nyingine yote 20. Zile makala mbili ndefu za mwisho, zinazouliza mwandishi anaamini nini, nilizizoea kwa kujiuliza kila aya kwa Kiswahili: huyu anakubali, anapinga, au ana mashaka? Kufikiri kwa Kiswahili siyo dhambi. Ilinisaidia sana.

Na tafadhali, wale wanaowauzia maswali "yaliyovuja" kwenye magrupu ya WhatsApp, wakimbieni. Rafiki yangu alilipa, akatumiwa karatasi za zamani ambazo zingine ziko bure mtandaoni, kisha namba ikazimwa.

Lakini siri kubwa haikuwa daftari. Ilikuwa dakika 40 za kila jioni, na hapa naongea na nyumba nzima.

Mara ya kwanza nilikuwa nasoma saa tano usiku, nimetoka zamu, nimepika, nimeogesha, nimefua nepi, nasinzia juu ya kitabu. Nilidhani ndiyo bidii. Mara ya pili nilimwambia baba watoto ukweli: "Matofali hayakuliwa na mtihani. Yaliliwa na usingizi." Alinyamaza kidogo, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia kuanzia saa moja kasoro mpaka saa moja na nusu hivi, watoto ni wako, jiko ni lako, na mlango usigongwe. Siku za kwanza ugali ulikuwa na mabonge, we acha tu. Mtoto alilia nje ya mlango na mimi nikalia ndani. Wiki ya pili wakazoeana. Binti yetu mkubwa akaanza kukaa na daftari lake pembeni yangu, ananiuliza, "Mama, na wewe una homuweki?"

Mama mkwe hakupenda, nisifiche. Alisema mwanawe amegeuzwa yaya. Nilimwambia kwa heshima, "Mama, anawalea wanawe." Hakujibu, ila kesho yake alikuja na dagaa, akaingia jikoni mwenyewe. Kwangu hilo lilikuwa jibu tosha.

Kwa hiyo baba unayesoma hapa, mkeo akisema anataka kusoma, usimwambie tu "nakuombea". Mpe muda, na uulinde. Mama, na wewe usiibe muda wako mwenyewe kwa kunyanyuka kila sufuria inapolia. Bibi na shangazi, mtoto wa miezi minane anaweza kubebwa na mikono mingine kwa dakika 40.

Mara ya pili nilipata 370.

Mama mmoja aliniandikia: "Sasa mkifaulu wote mkaondoka, nani atatuzalisha?" Hilo swali limenikaa. Sitamlaumu muuguzi anayeondoka, najua mshahara na najua zamu zetu. Na sitawadanganya kwamba mimi sitaondoka kamwe. Mpaka leo bado niko wodini, cheti kiko kabatini, na tunajadiliana nyumbani. Ila nina hakika na jambo moja: kile nilichojifunza hakikusubiri ndege. Wiki iliyopita nilirudia kusoma maelekezo ya dawa moja wodini kabla ya kuchanganya, nikaona "no more than" ambayo zamani ningeiruka. Nikamwita mwenzangu tukahesabu upya. Mgonjwa hakujua kitu, wala hakuhitaji kujua.

Kazi ya wiki hii basi. Mama, toa dawa zote za watoto hapo kabatini, tafuta kwenye kila chupa "at least" na "no more than", na kama huzielewi andika hapo chini jina la dawa, nitajibu. Usitume picha ya cheti cha mtoto, jina la dawa linatosha. Wauguzi wenzangu, leo andikeni sentensi tano zenye "unless".

Sehemu ya 7 tunarudi kwenye mambo yetu: mtoto kukataa kula. Mbarikiwe, na mlale mapema mkiweza.