Chombo cha Doppler na Mtoto Aliye Tumboni

Mwaka 1842 mtaalamu wa Austria, Christian Doppler, alieleza kwamba marudio ya mawimbi yanayomfikia mtu hubadilika chanzo chake kinaposogea. Mwanafunzi asimamaye kando ya barabara Masumbwe huisikia kanuni hiyo katika honi ya lori: likija, sauti huwa nyembamba, likiisha kupita, huwa nzito. Kwa kanuni hiyo hiyo daktari hupeleka tumboni mwa mama mawimbi ya sauti yasiyosikika, nayo yakigonga chembe za damu na kurudi, hujulisha mwendo wa damu katika mshipa wa kitovu.

Kondo la nyuma likiwa zima, damu husonga mbele hata moyo wa mtoto unapopumzika kati ya mapigo. Likidhoofika sana, mkondo huo hupungua, hukoma, na mwisho hurudi nyuma. Hapo mtoto yumo hatarini.

Je, kila mjamzito apimwe hivyo? La. Tafiti zimeonyesha kuwa kipimo hiki hupunguza vifo vya watoto katika mimba za hatari, kama zile zenye shinikizo la damu; kwa nyingine faida haijathibitika. Tena mtoto hawezi kuitwa mdogo iwapo umri wa mimba haujulikani. Basi kitangulie kipimo cha picha kabla ya wiki 24, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2016. Ufuate utepe wa mkunga. Ndipo Doppler, kwa wanaoihitaji, penye chumba cha upasuaji karibu. Onyo lisilo na wa kuliitikia halimwokoi mtoto.