KITABU CHA MWEZI: Mutoto wa Fundi wa Zahabu

Mama mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani, aliniuliza: "Mutoto wangu wa miaka 15 anataka kuacha masomo aende kuchimba almasi. Nimupe kitabu gani?"

Mama, mupe *L'Enfant noir*. Camara Laye wa Guinea alikitoa mwaka 1953, na anaeleza utoto wake mwenyewe. Baba yake alikuwa fundi wa zahabu kule Kouroussa. Mutoto anaona zahabu ikiyeyuka, anasikia fundi akiimbiwa sifa. Lakini baba huyo hakumufunga kwenye karakana. Alimuacha aende masomo Conakry, kisha Ufaransa, hata kama mama alilia sana.

Kama feza hakuna, azima kwa mwalimu wa Kifaransa. Vitabu vya Zamenga Batukezanga (1933–2000) wa kwetu pia ni vyepesi.

Lakini usimutupie kitabu kama dawa. Jioni someni pamoja kurasa mbili tatu, yeye asome kwa sauti. Kisha umuulize: mutu aliyeshika zahabu kila siku, juu ya nini alitaka mwana ashike kalamu? Sikiliza jibu lake mpaka mwisho. Pale ndipo mazungumzo yenu yataanza.