Swali la Springi Lisianze na Fomula

Springi yenye ugumu wa nyutoni 50 kwa mita imening'inia. Jiwe la nusu kilo linafungwa kwenye ncha yake ya chini kabla haijavutika, kisha linaachiwa. Litashuka umbali gani kabla ya kugeuka?

Wanafunzi wengi hulinganisha uzito wa jiwe, nyutoni 5, na mvuto wa springi, wakapata sentimita 10. Hesabu ni safi, ila si jibu la swali lililoulizwa. Kwenye sentimita 10 kani zimelingana, lakini hapo ndipo jiwe lina kasi kuliko popote, mita 1 kwa sekunde. Litapita. Litasimama kwenye sentimita 20, na uhifadhi wa nishati unaonyesha hivyo kwa mstari mmoja: jouli 1 iliyotokana na kushuka yote imo ndani ya springi. Springi nayo sasa inavuta kwa nyutoni 10, mara mbili ya uzito, kwa hiyo jiwe linarudi juu.

Je, tukilishusha polepole kwa mkono mpaka litulie kwenye sentimita 10? Kushuka kumetoa nusu jouli, springi ina robo tu. Robo nyingine imepokewa na mkono. Swali hili nalipenda kuliko la kwanza, maana linamlazimu mwanafunzi aulize ni nani mwingine aliyemo kwenye hesabu.

Ndiyo maana toleo hili linawasihi walimu waanze kwa kuuliza nishati iko wapi, na fomula zisubiri. Kwa swali la muda, hata hivyo, nishati peke yake haitoshi. Inabidi turudi kwa Robert Hooke, aliyechapisha mwaka 1678 kwamba mvuto wa springi huongezeka sawasawa na urefu unaovutika. Kutokana na hilo, jiwe letu hushuka na kurudi kwa takriban sekunde 0.63, livutwe kidogo au sana. Helmholtz alieleza uhifadhi wa nishati mwaka 1847, miaka 169 baadaye. Sisi tunataka kijana ameze yote mawili katika muhula mmoja.

Swali la mwisho humu ni la bonge la udongo linaloangukia sahani iliyokaa juu ya springi na kunata. Hapo tahadhari: wakati wa kugongana, sehemu ya nishati ya mwendo hugeuka joto. Anza na uhifadhi wa momenta. Zamu ya springi ifuate.