Mazungumzo na Vijana: Miguu Iliyochoka Pwani ya Tanga



Katika toleo lililopita tuliahidi kuwaeleza habari za mbio ndefu tulizokimbia Tanga pamoja na wenzetu wa Korogwe, na ahadi ni deni. Lakini twakiri mapema kwamba habari hii haituletei sifa, kwani kosa kubwa lililotendeka lilikuwa letu.

Mbio hizi ziitwazo marathoni urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Sisi wa Handeni tulikuwa wawili, na wenzetu wa Korogwe wawili. Siku nane kabla ya safari tulitoa shauri kwamba tukajizoeze kwa kuteremka mbio kutoka Lushoto mpaka Mombo, njia ya zaidi ya kilomita 30 yenye kona nyingi. Mmoja wa wenzetu wa Korogwe, ambaye ndiye mwepesi kuliko sote, alitwambia kuwa wakati ule ulikuwa wa kupumzika. Hatukumsikiliza. Tulimjibu kwamba Tanga ni tambarare, na aliyezoea vilima vya Handeni hawezi kushindwa na tambarare.

Hapa yafaa vijana wafahamu jambo. Mtu ateremkapo mlima kwa mbio, misuli ya mapaja hukaza ili kuuzuia mwili usianguke, na papo hapo hunyoshwa kwa uzito wa mwili huo. Ndipo nyuzi zake ndogo ndogo huchanika. Maumivu yake hayaonekani sana siku ile, bali huzidi siku ya pili na ya tatu. Kwa sababu hiyo wakimbiaji wenye ujuzi hupunguza mazoezi wiki mbili au tatu kabla ya mashindano. Na tambarare nayo ina ugumu wake. Penye vilima misuli hupokezana kazi, lakini kwenye njia iliyo sawa misuli ile ile hurudia kazi ile ile kwa maelfu ya hatua. Tena hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki upesi, na jasho lisipokauka mwili haupoi.

Basi tukasali Alfajiri, tukaanza. Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi kandokando ya bahari, upande wa Raskazone. Kilomita 20 za kwanza tulizungumza na kucheka, na mmoja wetu akawa anahesabu ngalawa. Ilipofika ya 27, mwenzetu wa Handeni alinyamaza. Ilipofika ya 30 alikuwa akitembea, mikono mapajani.

Nasi tulikwisha kuahidiana kuwa tutaanza pamoja na kumaliza pamoja.

Yule mwepesi alikuwa ameutafuta muda wa saa 3 na dakika 30 mwaka mzima, akiamka gizani kabla ya kwenda kazini. Mgonjwa wetu alimwambia, "Nenda, ndugu yangu." Sisi ndio tuliomzuia. Tukamtajia John Stephen Akhwari, ambaye katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, akaumia goti, na bado akamaliza, wa 57 na wa mwisho, saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Naye akatujibu kwa kumtaja Alphonce Simbu, aliyekuwa bingwa wa dunia kule Tokyo Septemba 2025 kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 tu katika 100 za sekunde moja. Tulisimama juani tukishindana kwa Watanzania wawili! Sasa twaona kwamba mfano wetu haukufaa hata kidogo: Akhwari aliyavumilia maumivu yake mwenyewe, wala hakumtaka mwenziwe apoteze kitu kwa ajili yake.

Hata hivyo alibaki. Tulimaliza baada ya saa 5 na zaidi, jua limepanda, watu wamekwisha tawanyika. Muuza madafu mmoja alitukatia manne, akakataa kupokea fedha ya lile la mgonjwa.

Katika basi yule mwepesi alikaa kiti cha mbele peke yake, na mpaka Muheza hapakuwa na neno. Tulipofika Segera tulikwenda kukaa karibu naye tukamwomba radhi, si kwa habari ya mwendo wa siku ile, bali kwa habari ya mteremko wa Mombo. Akatazama nje kitambo. Kisha akasema, "Nimewasameheni. Lakini siku ile niliwaambieni." Hatukuwa na la kujibu. Alishuka Korogwe, akampa mkono mgonjwa kwanza, halafu sisi.

Ameazimia kuutafuta tena muda wake mwakani. Mgonjwa amepona, naye ameshauri kwamba safari hii wawili wa Handeni tusikimbie, tukasimame kwenye kilomita ya 30 na ndoo ya maji. Tumekubali, na nauli tumekwisha anza kuiweka.